Mkono wa Mwaka wa Themanini na Tatu

Mkono wangu uliwahi kuwa maarufu kuliko mimi.
Ulikaa mwaka mzima ukutani, kituo cha tramu, Budapest,
mkubwa kama mlango wa kanisa,
vidole vitano vimeshika redio ya kaseti, Szarka-3,
jina la ndege yule mwizi wa vitu ving'aavyo.
Nilipita chini yake na mfuko wa viazi
na hakuna aliyenitazama.

Bódog mpiga picha ndiye aliyenifunza:
inua mkono juu ya kichwa, Etelka, hesabu mpaka sitini,
damu ishuke, mishipa ijifiche.
Nikahesabu.
Akanipaka glisirini. Akanikataza kuosha vyombo
wiki mbili, akaviosha Kálmán, mume wangu,
akinung'unika kwamba ameoa tangazo.
"Shika kama unashika yai," alisema Bódog,
"ila yai la jirani."
Redio yenyewe ilikuwa ganda tupu.
Fundi aliijaza mchanga
ili mkono uamini uzito wake.

Maneno ya chini nayakumbuka, herufi nene za machungwa:
KESHO IMO KIGANJANI MWAKO.
Madukani haikuwamo.
Watu waliandikisha majina, wakangoja miezi kumi na minne,
na kesho ya wengine ilifika na rangi ya udongo,
kifuniko kimekwama.
Tuliipenda hivyo hivyo.
Kitufe chake kilikuwa na kibonde cha kupokea kidole,
ukikibonyeza kinaitika, ta!
kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake lote.

Lilla, mjukuu wangu, kazi yake ni kuchora vitufe
visivyoshikika.
Jumapili, juu ya supu baridi ya cheri, alinieleza:
hapo mwanzo vitufe vya simu vilikuwa na mng'ao juu, kivuli chini,
daftari lilikuwa na ngozi ya kuigiza, hata mshono wa uzi,
ili watu wasiogope kugusa kioo.
Baadaye wakubwa wakaona tumeshazoea.
Wakavua mng'ao, wakavua kivuli,
kila kitu kikalala bapa kama nguo iliyopigwa pasi.
"Na sasa?"
"Sasa vivuli vinarudi, bibi. Vyembamba."
Akalamba kijiko. "Mwakani sijui."

Nikamuuliza vile vivuli vya kwanza waliviweka wapi.
Alidhani natania.

Nyuma ya kabati tulilikuta bango, limeviringishwa,
limebakiza harufu ya gundi.
Alilitandaza sakafuni, akalipiga picha kwa simu,
akasema siku hizi vijana wanalipia rangi zilizopauka,
wapo hata wanaochora mikwaruzo kwa makusudi.
Kisha akaikuza picha kwa vidole viwili,
mkono wangu ukaja karibu, ukaja, ukaja,
ukawa nukta, nukta nyekundu, nukta za bluu,
na hapo, chini ya ukucha wa kidole gumba,
doa.
"Hii ni wino?"
Hapana. Ni paprika.
Asubuhi ile nilimpikia Kálmán kabla ya kutoka,
nikasugua mikono, nikadhani imetakata.
Bódog hakuiona, kiwanda hakikuiona,
jiji zima lilipita chini ya kifungua kinywa chetu
likifikiri linatazama kesho.

Lilla amenipa simu hiyo, yeye atanunua nyingine.
Haina kitufe hata kimoja.
Inataka kidole gumba changu ili ijue ni mimi.
Naweka. Inasema: jaribu tena.
Naweka. Jaribu tena.
Miaka ya sabuni na maganda ya viazi imefuta mistari,
na mishipa, ile iliyokuwa ikijificha,
imepanda juu kama mizizi kwenye njia.

Nimeinua mkono juu ya kichwa.
Lilla anauliza nafanya nini.
Ninyamazie kidogo, mwanangu, nitapoteza hesabu.
Ishirini na moja.
Ishirini na mbili.