Deki Mpya

Kalina ana miezi kumi na tisa na meno sita,
na yote sita yamepita kwenye sidii zetu.
Moja aliitafuna ukingo kama mkate mkavu.
Moja aliikanyaga akateleza nayo juu ya vigae
toka jikoni mpaka mlango wa choo, akicheka.
Moja tuliikuta chini ya bakuli la paka,
ina maziwa, ina manyoya,
na bado inatoa upinde wa mvua, kama haina habari.

Deki yetu ilikuwa mzee mvumilivu.
Kila tulichompa alijaribu kukimeza:
alikohoa, akazunguka, akarudi pale pale,
akasema neno moja mara arobaini.
Leszek akasema jicho lake limeingia ukungu.
Tukamfungua kwa bisibisi.
Ndani mlikuwa na kipande cha soseji
na kitufe cha sare yangu ya kazini
nilichokitafuta tangu Novemba.

Basi Jumapili, theluji ya Łódź imegeuka uji wa kijivu,
tulishuka ghorofa nne (lifti imelala tangu Krismasi)
tukaenda sokoni, nyuma ya kiwanda kisichofuma tena.
Bwana Wawrzyniec alikuwa amezipanga deki
juu ya meza ya kupigia pasi.
"Hii," akasema, akiipuliza vumbi,
"haina kigugumizi. Ikikuta mkwaruzo inaruka
kama mwenye haraka anavyoruka dimbwi."
Alitaka zloti tisini. Leszek akatoa themanini,
akatazama angani kama mtu asiyejali.
Waliagana kwa themanini na tano, na waya wa bure.

Usiku tulizipaka sidii dawa ya meno,
ushauri wa shemeji yangu, anayejua kila kitu.
Nyumba ilinuka mnanaa.
Mikwaruzo ilibaki vile vile, ila sasa inanukia.

Mbovu haikuwa deki. Nilijua.
Nilijua hata kabla ya kile kitufe.
Lakini nani huenda sokoni kubadilisha mtoto?
Unanunua kinachonunulika,
unakibeba kwapani, unapanda ngazi.

Kuna ile sidii ya hadithi, ya mwanamke na bata bukini wake.
Bukini amevuka ziwa, barafu inapasuka,
mwanamke anaita, "Subiri, nakuja!"
Hapo ndipo deki ya zamani ilipokuwa ikigota:
subi, subi, subi,
mpaka mmoja wetu ainuke akaipige kofi.

Deki mpya iliruka.
Bukini yuko ng'ambo, na papo hapo bukini yuko nyumbani
anakula shayiri. Hakuna aliyemwita.

Kalina alisimama katikati ya chumba, kijiko mkononi.
Akaitazama deki
vile unavyomtazama jirani aliyepita bila salamu.
Halafu yeye,
ambaye daktari alisema tusihofu, wengine huchelewa,
ambaye hajapata kusema hata mama,
akalijaza pengo:
"Subi. Subi. Subi."

Leszek alizima jiko.
Mimi nilikaa chini, pale pale, juu ya vigae.

Sasa saa kumi alfajiri navaa sare.
Kitufe kimerudi, kwa uzi wa rangi nyingine.
Tramu ya kwanza haitoki bila mimi,
nayo inapasha injini yake kwenye karakana,
taa zimewaka, viti vitupu.
Nafungua mlango polepole, mwizi wa nyumba yake mwenyewe,
viatu mkononi,
na kutoka gizani, kwenye kitanda cha mbao:

subi

Nusu ya neno.
Nusu iliyobaki nashuka nayo ngazini,
ghorofa ya nne, ya tatu, ya pili,
naitamka kimya kimya,
nisije nikawaamsha majirani.