Chupa ya Tatu

Juni, Uyole. Umeme umekatika saa mbili usiku
na sanduku la balbu linapoa.
Nzi wa matunda hawaijui baridi ya Mbeya.
Nimezifunga chupa kumi na mbili ndani ya kitenge,
nimezibeba tumboni kama mjamzito
hadi Nsalaga, jikoni kwa mama.

Anakaanga maandazi ya kuuza alfajiri.
"Umeniletea nini?"
"Wajukuu. Waweke karibu na jiko, ila si sana."

Chupa ya kwanza: unga wa mahindi, hamira, sukari guru. Basi.
Ya pili nimeongeza alizeti.
Ya tatu ni mawese ya Kyela,
yale ya shangazi Subilaga, ya dumu la njano;
kijiko, kijiko tena, mpaka uji ukang'aa.

Mama anasogeza kibatari.
Mabuu wa chupa ya kwanza wamepanda kioo,
wamekauka rangi ya chai, wamekuwa pupa.
Wa chupa ya tatu wangali wamezama,
siku mbili nyuma ya wenzao:
wanakula kwa pupa, na pupa hawaifikii.
"Mla kwa pupa," anaanza mama,
kisha kicheko kinammalizia methali.

Sikumwambia nilichokiona jana kwenye hadubini.
Utumbo mwembamba kuliko uzi wa cherehani,
niliuvuta kwa kibano, pumzi nimeibana,
na ndani yake matone, matone,
kama mchuzi wa jana uliogandia sufuriani.
Seli shina, zinazolala kama mbegu ya viazi ghalani,
zilikuwa macho zote,
zinagawanyika, zinagawanyika,
zinajenga ukuta ambao hakuna aliyeuagiza.
Na sukari ya mwilini, juu.
Nikaandika tarakimu. Mkono ukasita
kwa ajili ya kadi ya kliniki
anayoificha kwenye kopo la majani ya chai,
akidhani siijui.

Nzi si mama yako,
hutuambia Dokta Kyando kila Jumatatu,
usiruke mto ambao hujaupima.
Sawa. Sijaruka.

"Na hawa wanene," anauliza, "watapona?"
"Wengine. Tukiwabadilishia chakula mapema."
Anageuza andazi. Hasemi.
Ananipa moja, la moto, nami nalila lote,
mafuta yananitiririka hadi kiwikoni.

Kwenye chupa ya tatu
buu mmoja ametoka ujini.
Anapanda kioo polepole,
nyuma yake njia inang'aa.