Tatu Chini ya Turubai

Ilikata roho Jumanne, juu kidogo ya Lumuma,
na magunia kumi na manne ya vitunguu mgongoni.
Haikulipuka. Ilikohoa kama mtu anayeomba radhi,
ikatema oili nyeusi barabarani, basi.
Landrova ya baba, ya mwaka themanini na mbili,
ikaburutwa na trekta hadi Mpwapwa
kama mbuzi asiyetaka mnada.

Fundi Chidumizi hakuuliza kilichotokea.
Aliingiza kidole kwenye tundu la oili,
akakinusa, akakipangusa kwenye suruali.
"Bloku imepasuka," akasema. "Pole kwa msiba."
Kisha akafunua turubai.

Ya kwanza: pacha wa marehemu,
imeng'olewa kwenye gari la misheni lililolala Mvumi miaka tisa.
Inaingia bila kukata chuma, bolti kwa bolti.
Lakini nilipoizungusha kwa mkono ilisita mahali,
kama mzee aliyekumbuka deni.

Ya pili: silinda sita, ya Landkruza,
imefika kutoka Dubai na vumbi la kwao.
Milioni kumi na moja, haipungui.
"Hii," alisema Lechipya, mpwa wake, macho yakimng'aa,
"utapanda Wotta na gia ya tatu huku unapiga mluzi."
Fundi akamtazama.
"Na gia boksi je? Na difu?
Ukimpa kikongwe miguu ya kijana
kitakachovunjika ni kiuno."

Ya tatu ilikaa pembeni, kuku ametaga juu yake.
Ya Haisi. Silinda nne, haina turbo, haina majivuno.
Ilibeba abiria Singida hadi bodi ikaoza; yenyewe bado.
"Haina mbio. Utapitwa na pikipiki ya mchungaji.
Ila pistoni zake zinauzwa hapo Kibakwe,
rafu moja na sabuni."

Nilikaa juu ya tairi bovu mpaka kivuli cha ukuta kikanifikia,
nikipiga hesabu kwenye boksi la filta:
vitunguu, dizeli, ada ya Mbeleje kidato cha pili.
Sitasema uongo: nilimtaka pacha.
Nilimtaka kwa ajili ya mlio tu.

Mama ana mtoto wa jicho, huona kwa masikio.
Mlio ule ukifika korongoni, husonga ugali wa uwele;
ukizimwa uani, mlenda umeshapakuliwa.
Alimsongea baba hivyo. Baba akafa,
nikakamata usukani mimi,
na mwiko haukujua tofauti.

Nikanyoosha kidole kwa kuku.

Siku nne za kuchomelea vikalio vipya,
nne zote Lechipya kanuna.
Mkaguzi akaandika namba nyingine kwenye fomu.
Ile ya zamani ningali nayo kichwani, tarakimu zote,
na hakuna tena ofisi itakayoniuliza.

Jumapili jioni nikashuka korongoni.
Gari linanguruma polepole kwa sauti ya watu wengine,
usukani unatetemeka pale ulipokuwa umetulia,
umetulia pale ulipokuwa ukitetemeka.
Jikoni hakukuwa na moshi.

Mama alikuwa mlangoni, amejifunga khanga ya wageni,
ile ya kijani inayokaa sandukuni na nondo,
sikio amelielekeza kwenye boneti.
"Mbukwenyi," alisema, kwa heshima zote.
"Karibuni. Ila mwenye nyumba yuko safarini na gari,
tunamngoja."

Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo.
Sikuzima.
Niliiacha iunguruma palepale uani, dakika nzima, mbili,
kuku wakikimbia, taa ikicheza,
ili amzoee.