Mkate wa Kamba

Nabintu ameandika kutoka Halifaksi:
siku hizi kazini anajaza kamba ndani ya mikate.
Mama akaacha kuchagua mchele.
"Kamba? Ile ya kufungia mbuzi?"

Nikamweleza: mnyama wa bahari, mwekundu akipikwa,
ana mikasi miwili na masharubu marefu.
"Basi ni kaa aliyejinyoosha," akasema,
akarudi kwenye vijiwe vyake.

Sisi hapa Kadutu tuna sambaza.
Urefu wa kidole, fedha tupu,
wanapimwa kwa kopo, na muuzaji akikupenda
anaongeza kilima juu.

Mimi nawakaanga mpaka mkia unavunjika kama jani la kiangazi.
Napasua mkate wa butike ubavuni,
natia limau, kitunguu kibichi, basi.
Shangazi Mwamini hataki kelele mdomoni:
anawachemsha na nyanya, mawese kijiko kimoja,
mkate unalowa,
unakula umeinama ili gauni lipone.
Cirhuza anaweka mayoneze kila mahali,
hata kwenye viazi vitamu, hata kwenye mazungumzo.
Anawaponda kwa uma, anazidisha pilipili ya Idjwi,
machozi yanamtoka, anaapa ni moshi wa makala.
Na Asifiwe, mwenye miaka minne, anatoa vichwa,
anavipanga ukingoni mwa sahani
vyote vikitazama ziwa.

Jioni umeme ukakatika. Tukampigia.
Kule bado mchana, yuko jikoni, kofia ya kuficha nywele.
Akatuonyesha: nyama nyeupe, siagi,
mkate mlaini kama shavu la mtoto.
"Ladha yake?" Mama akauliza.
Kimya kidogo.
"Tamu, wanasema. Bei ya mmoja, Mama,
ni makopo mangapi ya sambaza, hata sijui kuhesabu.
Mimi nafunga tu, napeleka mezani."

Mama hakujibu. Akachukua mkate wa mwisho,
akaujaza namna zetu zote tatu kwa pamoja,
wakavu, wa nyanya, wa mayoneze,
jambo ambalo nyumbani kwetu ni ugomvi,
akausogeza mbele ya simu, karibu kabisa,
mpaka mafuta yakagusa kioo.
"Ng'ata," akasema.

Na ng'ambo ile, katikati ya sufuria za watu,
tukamsikia Nabintu akitafuna hewa,
taratibu, kwa adabu,
mpaka yuniti zikaisha.

Ule mkate aliula Cirhuza gizani.
Anakana mpaka leo.