Usiitike Mara ya Kwanza

Kosa lilianzia Uyole, siku ya Nane Nane,
kwenye banda la vijana wenye fulana za kijani.
Andika jina, mzee, namba ya simu na barua pepe,
saa kumi tunachezesha, zawadi ni bomba la kupulizia dawa.
Nikaandika herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la pili,
isije bahati yangu ikapotea njia.
Bomba akalipata mtu wa Chimala.
Mimi nilirudi Tukuyu na kalenda ya bure
na kishona nguo kwenye pindo, bila kujua.

Kesho yake wakaanza.
Mkopo wa dakika tano.
Dawa ya mgongo, ya nywele, ya ndoa.
Kiwanja Dodoma.
Kiwanja kilekile, bei imeshuka.
Mjane wa nchi ya mbali, ana dhahabu, ananiita Mpendwa.
Mke wangu akauliza: mpendwa wa nani?

Nililelewa nikijua kwamba barua hujibiwa.
Baba alikuwa na sanduku posta, namba mia mbili na kumi na nne,
ufunguo wake ukining'inia msumarini kando ya koti la mvua.
Aliyekuandikia zamani zile alikuwa amenunua stempu,
ameilamba kwa ulimi wake mwenyewe.
Mtu kama huyo unamnyamaziaje?
Basi nikawajibu. Wote.
*Nimepokea barua yako, habari za huko.
Hapa mvua haijakatika. Viatu ninavyo pea mbili, vinatosha.
Tafadhali usiendelee kujisumbua.*
Wakajisumbua maradufu.

Novemba nikapanda viazi kule Isongole.
Vikatoka vimedumaa, majani ya njano,
ndipo nikakumbuka ule udongo niliopeleka kupimwa.
Majibu yalikuwa yamelala humo siku ishirini na sita,
kati ya dawa ya nywele na kiwanja cha Dodoma:
*Shamba lina tindikali. Tia chokaa kabla ya kupanda.*
Kabla.

Subilaga, mtoto wa dada yangu, anatoa fotokopi pale stendi.
Alisoma majibu yangu kwa mjane
akacheka mpaka akaegemea mashine.
Halafu hakucheka tena.
Mjomba, usiku ukisikia umeitwa jina mara moja, unaitika?
Siitiki.
Nani alitufundisha?
Mimi.
Sasa huku mbona unaitika?
Kila "hapana, asante" yako inamwambia aliye nje:
nyumba ina mtu, taa inawaka, endelea kubisha.
Hata haka kaneno ka chini, bonyeza hapa kujiondoa,
ni ka duka unalolijua tu.
Usiyemjua, hiyo ni sauti ileile, imebadilisha koo.

Tukakaa hadi umeme ukakatika, ukarudi.
Hii taka. Hii taka. Hii ya benki, iache.
Mashine nayo ina pua, alisema, ila lazima uinusishe.
Akanifungulia anwani ya pili, ya kwenda nayo maonyesho,
kama suruali ya shambani:
hiyo ishonwe itakavyo.
Ile ya kwanza nampa mtu kwa mdomo, nikimtazama usoni.

Kukawa kimya.
Sitakudanganya, wiki ile nilimkumbuka mjane.

Sasa kila Jumamosi nashuka kwenye pipa la taka,
maana mke wangu akishapeta maharage
hamwagi makapi mpaka ayapapase kwa vidole.
Mara mbili nimeokota punje nzima:
risiti ya mbolea, na mwaliko wa harusi Kyela, umeshapita.

Jumamosi hii, chini kabisa,
jina la Gwakisa, tuliyelala naye bweni moja,
miaka thelathini sijamsikia.
Neno moja tu: *Upo?*

Kidole kimebaki hewani.
Nimeitwa mara moja.
Nimezima taa, naisikiliza mvua juu ya bati,
naomba aite tena.