Pepe

Nassor kabandika karatasi dirishani,
duka la simu, Wete, ukishuka njia ya bandarini:
UHALISIA PEPE. MIA TANO, DAKIKA TATU.
Sisi pepe tunalijua.
Ni punje ya mpunga isiyo kitu ndani;
ukipeta hupaa, hata kuku haigusi.

Mwanangu Mjaka hushinda na njaa shuleni,
sarafu ya maandazi humpelekea Nassor.
Nilipombana hakuficha:
"Nakwenda kumwona baba."

Baba yake alianguka mkarafuuni, Mtambwe,
mwaka wa mavuno makubwa. Mjaka tumboni, miezi sita.
Eda yangu aliimaliza yeye, siku aliyozaliwa.

Wiki moja kabla walikuja vijana wawili wa kampuni
na kidude kama mpira, kina macho pande zote.
Wakakisimamisha shambani juu ya mguu wa chuma,
kisha wakakimbia kujificha, kisije kikawaona.
Watalii, walisema, watafika hapa bila kupanda ndege.
Khatibu akatia saini,
wakamlipa thamani ya pishi kumi
kwa kupanda mti aliokuwa akiupanda kila siku.

Mama mkwe kasema maiti haitazamwi kwa tiketi.
Mwalimu wa madrasa kasema ni picha tu, ila mtoto asikose darsa.
Raya wa nyumba ya pili
kauliza kama Ijumaa bei hupungua.

Nilikwenda Jumatano, saa ya watu kujinyoosha.
Nassor akaniambia nivue miwani yangu ya macho.
Nikavua na viatu, sijui kwa nini.
Kidude kizito. Kina joto bado
la uso wa mtu aliyenitangulia.

Mkarafuu ule ule, naujua kwa kovu lake.
Na juu, Khatibu,
pakacha kiunoni, ngoe mkononi,
analivuta tawi kama anamvuta shemeji anayemtania.
Miguu yote miwili, mizima.
Nikasema, shuka.
"Bi Bikombo," Nassor akasema, "hakusikii."
Najua. Nikasema tena.

Karafuu mbichi shamba zima
na puani mwangu plastiki, na mafuta ya nywele ya watu.

"Geuka," Nassor akasema.
"Wote hutazama juu tu, hawajui kwamba inageukika."

Nikageuka.
Nyuma yangu jamvi, na juu ya jamvi mwanamke,
kanga yangu ya kisutu, tumbo limemtangulia,
anachambua, karafuu huku, makonyo kule,
upesi upesi, kichwa chini.
Nikamngoja.
Kule juu mtu anacheka, namsikia,
matawi yanalia,
na mimi nimekikazia macho kisogo cha yule mwanamke
ainue uso. Mara moja tu.
Vidole vinakwenda.
Anahesabu pishi, nafikiri.
Ana haraka ya nini yule?

Dakika zikaisha, Nassor akataka kunivua,
nikamshika mkono. Akaniongezea bure.
Ikaanza upya: mti, Khatibu, kicheko, jamvi.
Hakuinua.

Nyumbani nilijitazama kwenye kioo,
duara jekundu limezunguka macho
kama la mtu aliyechungulia kisima muda mrefu.

Mjaka kaja kukaa karibu, kajifanya anakuna ukoko wa sufuria.
"Umemwona?"
"Nimemwona."
"Na mimi je, umeniona?"
Nikamwambia wewe hukuwapo, baba.
"Nilikuwapo," akasema.
"Tumboni. Ukigeuka, nimo.
Pale tupo sote watatu.
Mimi hukaa katikati, baina ya mti na jamvi,
kisha nafumba macho, maana nawasikia."

Ukoko ukakunwa mpaka bati likalia.

Asubuhi, wakati anafunga vifungo vya shati,
nilimpa mia tano ya maandazi.
Akaipokea, akatazama chini.
Nikafungua fundo la kanga
nikatoa na nyingine.