Kastabini ya Bi Mwanjaa

Naitwa Singano, na riziki yangu ni sindano;
aliyenipa jina hakujua kuwa anatabiri.
Cherehani yangu iko Ngamiani, barabara ya kumi na moja,
kati ya muuza spea za baiskeli
na Abeid, anayebadili vioo vya simu.

Bi Mwanjaa alikuja siku ya mvua,
simu mpya kaifunga kwenye pembe ya khanga, mafundo matatu.
Mwanawe kaileta toka Maskati.
"Hainijui," alisema.
"Mjukuu akiigusa inaruka kama panzi.
Nikiigusa mimi, inaninunia kama mkwe."

Nikakitazama kidole.
Miaka ishirini na sita chumba cha brashi,
mkonge wa Kigombe,
singa zikipita, zikipita, zikimla ngozi
mpaka mistari yote ikafutika.
Kabla ya hapo alikuwa kwenye korona,
korona ile ya kusaga majani, si hii ya barakoa.
Kidole kikavu, kigumu, kinang'aa kama mpini.
Walipokuja na mashine ya vitambulisho
walimpaka mafuta, wakamfuta, wakampaka tena,
hata karani akachoka: "Mama, wewe huna alama."
"Ninazo," akamjibu. "Ziko kwenye kamba za meli."

Abeid akamweleza:
kioo hiki hakitaki nguvu, mama,
kinataka umeme kidogo ulio mwilini mwako.
Bi Mwanjaa akajitazama mikono, huku na huku.
"Kumbe ninao? Na bili yake nani analipa?"

Jumamosi, Tangamano, belo likafunguliwa:
makoti ya baridi ya watu wasiotujua,
soksi za sufu, na glavu,
glavu, katika joto hili la Tanga!
Lakini kwenye ncha ya kidole cha shahada
palifumwa uzi wa kijivu, unametameta.
Abeid akaivaa, akagusa simu yake. Ikafunguka.
Tukatazamana.
Nikalipa mia tano kwa jozi, na muuzaji akanicheka.

Ya kwanza ilikataa.
Nilitia bitana nzuri, ya satini, ikaziba kila kitu;
fundi naye ana kiburi chake.
Nikafumua.
Nikauvuta ule uzi wa kijivu ukapita ndani,
ukashuka chini ya kile kigumu
mpaka kwenye pingili ya pili,
pale penye ngozi laini, damu iko karibu.
Nikapinda kwa lastiki.

Akaivaa kama bibi harusi anayejaribu pete ya kuazima.
Akagusa.
Kioo kikamwitikia.
Basi akagusa kila kitu: saa, tochi, picha za watu,
akampigia muuza mkaa mara mbili bila kutaka,
akaomba radhi, akampigia tena.
Halafu akatulia, akatafuta herufi moja moja,
na ujumbe wake wa kwanza kwenda Maskati
ulikuwa neno moja tu:
nimefika.

Sasa wananijia. Mwashi mwenye vidole vya saruji.
Dobi. Mama anayepara samaki kule Deep Sea.
Na kijana mmoja wa chuo, mjuaji,
ananiambia huko nje wana pete za betri,
unaivaa, unaandika hewani, kioo hukigusi hata kidogo.
Nikamwambia lete huo uzi, nitashona.
Hajarudi.

Jana nilipita kwa Bi Mwanjaa.
Chapati iko juu ya chuma, mkaa umekolea,
anaigeuza kwa kidole kitupu, kile kile,
anaibonyeza ukingoni, anaizungusha, hana haraka.
Simu ikalia kwenye kiti.
"Singano mwanangu," akasema, macho kwenye chapati,
"hebu nitafutie kidole changu."